Gego Limetoka: Namna ya Kuamua Kama Uweke Kipandikizi

Maswali ni yale yale kila mara. "Nimeng'olewa gego, niweke kipandikizi?" "Kinauma?" "Kinadumu maisha?" "Mbona mwenzangu aliwekewa kikatoka?" Jibu la mkato halimsaidii muulizaji, kwa sababu kipandikizi hakipimwi peke yake. Kinafaa au hakifai kutegemea ni gego lipi limetoka, mfupa uliobaki uko vipi, afya yako ikoje, na kama utakisafisha kila siku kwa miaka mingi ijayo. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, ili ukikaa kwenye kiti cha daktari wa meno ujue la kuuliza na uweze kupima unachojibiwa.

Kitu chenyewe, kwa ufupi: kipandikizi ni skrubu, mara nyingi ya titani, inayopandwa ndani ya mfupa wa taya pale ulipokuwa mzizi. Juu yake hufungwa kiunganishi, na juu ya kiunganishi hukaa taji, yaani sehemu inayoonekana kama jino. Siri yake ni kwamba mfupa hushikamana na titani moja kwa moja. Jambo hilo aliligundua Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi katika miaka ya 1950, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, na mwaka 1965 akamwekea vipandikizi mgonjwa wa kwanza. Nadharia inatosha.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Namba ya gego lililotoka. Hesabu kuanzia jino la mbele katikati ya mdomo, hilo ni la 1, ukirudi nyuma. Gego la kwanza ni la 6, la pili ni la 7, la mwisho kabisa ni la 8. Kama kuna pengo jingine njiani, lihesabu pia.
- Lini liling'olewa. Mwezi na mwaka vinatosha.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na sindano ulizowahi kuchomwa kwa ajili ya mifupa au saratani, hata kama ni miaka iliyopita.
- Kama una kisukari, majibu ya karibuni ya kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 3. Kile cha kidoleni cha asubuhi hakitoshi.
- Eksirei yoyote ya taya uliyowahi kupigwa.
- Nafasi katika ratiba yako. Tangu upasuaji hadi taji kukaa mdomoni, panga miezi 3 hadi 6. Mfupa ukihitaji kuongezwa, inaweza kufika mwaka.

Hatua ya 1: Kama gego bado lipo, usikubali liondoke upesi

Wengi wanaouliza habari za vipandikizi bado wana jino mdomoni. Limetoboka, linauma, na wameambiwa ling'olewe kwa kuwa watawekewa jipya. Hapo usiwe na haraka. Gego lililooza hadi kwenye kiini mara nyingi huokolewa kwa matibabu ya mzizi na kuvikwa taji. Jino la asili limezungukwa na utando mwembamba kati ya mzizi na mfupa, na utando huo ndio unaohisi nguvu ya kutafuna na kukufanya ulegeze taya ukiuma jiwe. Kipandikizi hakina utando huo.

Muulize daktari mambo matatu: mzizi umepasuka? Mfupa unaolishika jino umebaki kiasi gani? Ukuta uliobaki juu ya ufizi unatosha kubeba taji? Mzizi uliopasuka wima, au jino linalocheza kwa kukosa mfupa, kwa kawaida limekwisha. Maumivu peke yake si sababu ya kung'oa.

Ikilazimu ling'olewe, zungumzia kipandikizi kabla ya siku ya kung'oa, si baada. Upana wa mfupa unaweza kupungua karibu nusu ndani ya mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Daktari anayejua mpango wako atatenganisha mizizi na kuitoa mmoja mmoja ili kuta za mfupa zisivunjike, na pengine atajaza shimo kwa chembe za mfupa siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Lichunguze pengo lako kwenye kioo

Simama penye mwanga, vuta shavu kwa mpini wa kijiko safi, ulitazame pengo ukiwa umeng'ata meno, kisha ukiwa umefungua mdomo. Jino la nyuma ya pengo limeinamia mbele? Jino la taya ya pili limeshuka au kupanda likaingia kwenye nafasi iliyo wazi? Sasa osha mikono, upapase ufizi wa pengo kwa kidole cha shahada na gumba, kimoja upande wa shavu na kingine upande wa ulimi. Je, ni mpana na wa mviringo, au umekonda ukawa kama ukingo?

Unachokiona kina maana. Taji la gego linahitaji kimo cha milimita 7 hivi kati ya ufizi na jino la taya ya pili. Kutoka mbele kwenda nyuma inahitajika angalau milimita 7, na kwa gego ni vizuri zaidi ikizidi hapo, kwa sababu kipandikizi chenyewe kina kipenyo cha milimita 4 hadi 5 na lazima kiache nafasi ya milimita 1.5 kila upande kabla ya mzizi wa jirani. Meno yakiwa yamelala au yameshuka, huenda yakahitaji kunyooshwa au kupunguzwa kwanza, na hiyo ni gharama isiyokuwemo kwenye bei uliyotajiwa kwa simu. Ukingo uliokonda ni dalili kwamba huenda mfupa ukahitaji kuongezwa.

Hatua ya 3: Jiulize kama pengo linahitaji kuzibwa kabisa

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa fedha nyingi zaidi.

Gego la 8 halirudishwi. Gego la 7, ikiwa la 6 lipo na linagusana vizuri na mwenzake, mara nyingi linaweza kuachwa bila kurudishwa. Nchini Uholanzi, mtafiti wa meno Käyser na wenzake walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watu wengi wanaobaki na meno yote ya mbele pamoja na jozi chache za nyuma zinazokutana hutafuna vizuri na hawaharibiki taya. Mtu mwenye meno 20 yaliyopangika na kugusana juu na chini ana kinywa kinachofanya kazi.

Gego la 6 ni habari nyingine. Ndilo linalobeba kazi kubwa ya kusaga, na limezungukwa na meno mbele na nyuma. Likitoka, la 7 huinama, la taya ya pili huteremka au hupanda, chakula huanza kunasa, na mtu huhamishia kutafuna kote upande mmoja. Hapa kuziba pengo kuna faida ya wazi, hasa kwa mtu ambaye bado ni kijana.

Kama pengo lina miaka 10, meno ya jirani hayajasogea, unatafuna bila shida na halionekani ukicheka, kuliacha ni uamuzi halali. Mtu asikutishe kwamba uso utabonyea kwa kukosa gego moja.

Hatua ya 4: Pima njia nne, si moja

*Kuliacha pengo.* Hakuna gharama wala upasuaji. Hasara ni uwezekano wa meno kuhama, kwa hiyo omba yapimwe kila mwaka.

*Meno ya kuvaa na kuvua.* Ni nafuu, yanatengenezwa haraka, na yanaongezewa jino jingine likitoka baadaye. Lakini kwa gego moja, watu wengi huyaacha kwenye glasi baada ya wiki kadhaa. Yanachezacheza, yanashika chakula chini yake, na vibano vyake hulimbikiza ukoga kwenye meno yanayoyashika.

*Daraja.* Meno mawili ya jirani huchongwa na kuvikwa mataji yanayobeba jino la katikati. Hukamilika ndani ya wiki chache, bila kukata ufizi. Kama meno hayo mawili tayari yana vijazo vikubwa na yangehitaji mataji hata hivyo, daraja ni chaguo zuri sana, na sioni kwa nini ulikatae kwa sababu tu kipandikizi ni kipya zaidi. Kama ni mazima kabisa, unachonga meno mawili yasiyo na kosa ili kurudisha moja. Na likioza moja chini ya daraja, kazi yote huharibika. Pengo la mwisho kabisa nyuma halina nguzo ya pili, kwa hiyo daraja la kawaida halipo hapo.

*Kipandikizi.* Faida zake ni za kweli. Hakigusi meno ya jirani. Hakivuliwi. Hakiozi, maana titani haina cha kuozwa na bakteria. Unatafuna kwa nguvu inayokaribia ile ya jino la asili, na mfupa wa mahali hapo unapata kazi, kwa hiyo haupungui kwa kasi ile ya pengo tupu. Kikiwekwa vizuri kwa mtu anayefaa, uwezekano wa kuwa bado kimesimama baada ya miaka 10 ni zaidi ya asilimia 90.

Hasara zake nazo ni za kweli, na husemwa kwa sauti ndogo. Mara nyingi gharama ni kubwa kuliko njia zote nyingine. Ni upasuaji. Unangoja miezi. Kwa kuwa hakina utando unaohisi, gego la kipandikizi linaweza kubanwa kupita kiasi bila wewe kujua, mpaka skrubu ilegee au taji limeguke. Nguvu ya nyuma ya mdomo ni kubwa kuliko ya mbele, na ndiyo maana usumbufu huu huonekana zaidi kwenye magego. Ufizi unaokizunguka unaweza kuugua na mfupa ukaliwa taratibu bila maumivu. Na kikishindwa, hakikuachi pale ulipoanzia: mara nyingi mfupa unakuwa pungufu kuliko mwanzo.

*Kosa la kawaida:* kulinganisha bei ya kipandikizi na ya daraja bila kuuliza kinachojumuishwa. Bei inayotajwa mara nyingi ni ya skrubu tu. Kiunganishi, taji, picha, na kuongeza mfupa huja baadaye, kila kimoja na bei yake.

Hatua ya 5: Chuja hatari zako bila kujidanganya

- *Sigara.* Huongeza uwezekano wa kushindwa na wa ugonjwa wa ufizi baadaye. Kama huwezi kuacha walau kabla ya upasuaji na miezi ya kupona, fikiria daraja.
- *Kisukari.* Kikidhibitiwa, si kizuizi. Kisipodhibitiwa, kidonda hakiponi na maambukizi hayaishi. Shusha sukari kwanza.
- *Dawa za kuimarisha mifupa* kama alendronati, asidi ya zoledroniki na denosumabu. Zinaweza kusababisha mfupa wa taya kufa baada ya upasuaji, hasa zile za sindano wanazochomwa wagonjwa wa saratani. Taja hata kama uliacha zamani.
- *Mionzi iliyopigwa kichwani au shingoni.* Usiendelee bila daktari wako wa saratani kushauriana na wa meno.
- *Dawa za kuzuia damu kuganda.* Usiziache mwenyewe. Hatari ya damu kuganda mwilini ni kubwa kuliko ya ufizi kuvuja. Waliokuandikia ndio waamue.
- *Ugonjwa wa fizi.* Fizi zikitoa damu ukipiga mswaki, tibu hilo kwanza. Bakteria wale wale watahamia kwenye kipandikizi.
- *Kusaga meno usingizini.* Ukiamka taya zimechoka, au mwenzako anakusikia usiku, sema. Utahitaji kinga ya plastiki ya kuvaa unapolala.
- *Umri.* Taya inayokua huacha kipandikizi nyuma, jino likabaki chini ya wenzake. Kijana asubiri ukuaji uishe. Uzee peke yake si kizuizi.

Hatua ya 6: Mfupa upigwe picha kabla ya mpango kuwekwa

Panorama, yaani eksirei moja inayoonyesha taya zote, huonyesha kimo cha mfupa, lakini ni picha bapa, haionyeshi upana. Kwa gego, omba eksirei ya pande tatu, hasa kama Hatua ya 2 ilikuonyesha ukingo mwembamba.

Taya ya chini, cha kuogopa ni neva inayopita ndani ya mfupa chini ya magego na kuleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Kipandikizi kinatakiwa kiishie angalau milimita 2 juu yake. Taya ya juu, juu ya mizizi ya magego kuna sainasi, uwazi wenye hewa, na jino likishatoka uwazi huo hutanuka kushuka chini. Mfupa usipotosha, sakafu ya sainasi huinuliwa na kujazwa chembe za mfupa. Ni kazi ya kawaida kwa mikono yenye uzoefu, lakini huongeza gharama, na mara nyingi huongeza miezi ya kungoja.

Mwambie daktari akuonyeshe kwenye skrini: "Neva iko wapi? Kuna milimita ngapi juu yake?" Daktari mzuri hapendi swali hilo liachwe.

Hatua ya 7: Pata majibu haya kwa maandishi

1. Bei inajumuisha nini, na nini hakimo?
2. Nani atapasua, na nani atatengeneza taji?
3. Ni kipandikizi cha kampuni gani, cha ukubwa gani?
4. Taji litafungwa kwa skrubu au kwa saruji ya meno?
5. Kikishindwa mwaka wa kwanza, gharama ya kurudia ni ya nani?

La tatu watu hulipuuza. Skrubu ya kampuni moja mara nyingi haifungwi na bisibisi ya kampuni nyingine. Miaka 8 baadaye, ukiwa mji mwingine na taji limelegea, daktari asiyejua aina atahangaika. Omba kadi yenye jina la kampuni, ukubwa na namba ya toleo, uipige picha. Kuhusu la nne, kwa gego naegemea taji la skrubu kila inapowezekana: linafunguliwa na kurekebishwa, na halina saruji ya kubaki chini ya ufizi na kuuchokoza.

Hatua ya 8: Siku ya upasuaji na wiki ya kwanza

Kula kabla ya kwenda, isipokuwa umeambiwa utalazwa usingizi. Kwa kawaida ni ganzi tu. Kipandikizi kimoja huchukua kama saa moja au pungufu. Utasikia mtetemo na maji, hutasikia ukali. Ukiusikia, inua mkono uongezewe ganzi. Wengi husema kung'oa kulikuwa kugumu zaidi.

Siku hiyo uma pamba kama ulivyoelekezwa, weka barafu iliyofungwa kitambaani juu ya shavu kwa dakika 15 na kupumzika, usisukutue wala kutema kwa nguvu kwa saa 24. Kesho yake anza kusukutua polepole kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Uvimbe hufika kilele siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua. Kula vyakula laini, tafuna upande wa pili, piga mswaki meno mengine kama kawaida.

*Onyo:* ganzi ikiisha muda wake na mdomo wa chini au kidevu bado kimekufa ganzi, usingoje miadi. Piga simu siku hiyo hiyo. Neva inayobanwa inahitaji hatua ndani ya saa chache, si wiki.

Hatua ya 9: Kungoja, taji, na usafi wa kila siku

Miezi ya kungoja si uzembe wa daktari. Mfupa unajenga kuzunguka skrubu, na kuibebesha mzigo mapema kunaweza kuvunja muungano huo. Usijaribu "kuona kama imeshika" kwa kutafunia vitu vigumu.

Siku ya taji, uma karatasi ya rangi mara kadhaa, kisha uma kawaida. Gego jipya lisiwe la kwanza kugusana. Ukihisi linatangulia wenzake hata kidogo, sema kabla hujainuka kwenye kiti. Kupunguza ni kazi ya dakika mbili.

Nyumbani, mswaki peke yake haufiki. Taji la gego ni pana juu na jembamba linapoingia kwenye ufizi, na ukoga hukaa kwenye kibonyeo hicho. Tumia kimswaki kidogo cha katikati ya meno, ambacho waya wake umefunikwa plastiki ili usikwaruze titani. Kiingize upande wa shavu, kisukume taratibu kuelekea ulimi, kirudishe, kisha fanya hivyo upande wa pili wa taji. Kikitoka na damu siku kadhaa mfululizo, ufizi unakuambia kitu. Mwone daktari kila miezi 6, na eksirei ipigwe mara kwa mara kulinganisha kimo cha mfupa.

Mambo yakienda kombo

*Kifuniko kidogo kinachofungwa juu ya kipandikizi kimetoka kabla ya taji kuwekwa.* Kihifadhi, nenda siku hiyo au kesho yake. Ufizi hujifunga juu ya kipandikizi haraka.

*Taji linacheza.* Mara nyingi ni skrubu iliyolegea, si kipandikizi kilichoshindwa. Acha kutafunia upande huo na ukafungiwe. Ukiendelea, skrubu hukatika ndani, na kuitoa ni shida. Ikilegea tena na tena, tatizo ni mgusano wa meno au kusaga usiku.

*Chakula kinanasa kati ya kipandikizi na jino la jirani.* Meno ya asili husogea kidogo kidogo maisha yote, kipandikizi hakisogei, kwa hiyo nafasi hufunguka hata kama mwanzo haikuwepo. Taji la skrubu linaweza kufunguliwa na kuongezewa ubavu.

*Ufizi unavuja damu ukigusa.* Bado ni mapema. Ukisafishwa na daktari na wewe ukirekebisha usafi, hupona.

*Usaha, harufu, au ufizi uliorudi nyuma ukaonyesha chuma.* Mfupa unaliwa. Usijitibu kwa antibiotiki za dukani. Zinatuliza dalili na ugonjwa unaendelea chini. Panahitaji kusafishwa, wakati mwingine kwa kufungua ufizi.

*Maji yanatokea puani baada ya kipandikizi cha taya ya juu.* Njia imefunguka kuelekea kwenye sainasi. Usipenge kamasi, usivute kwa mrija, ukipiga chafya fungua mdomo. Mwone daktari upesi.

*Kipandikizi chenyewe, si taji, kinachezacheza.* Hakijashika, au kimeachia. Hakikazwi. Huondolewa, mfupa huachwa upone kwa miezi kadhaa, ndipo uamue upya kuanzia Hatua ya 3, na safari hii daraja au pengo lililoachwa wazi vipimwe kwa uzito ule ule.